Manowari Iendayo Chini ya Maji

Sisi tukaao katika nchi ya juu ya Ufipa hatuna bahari. Mtu wa Sumbawanga akitaka kuona maji mengi hushuka upande wa magharibi mpaka Kasanga, akaliona ziwa la Tanganyika, au hushuka upande wa mashariki akaliona ziwa Rukwa. Lakini bahari ya chumvi iko mbali nasi. Kwa hiyo huenda msikilizaji akauliza, "Mwalimu, habari za manowari ya chini ya bahari zatuhusu nini sisi wakulima wa ulezi na maharage?" Swali hilo ni la haki, nasi yatupasa kulijibu kwanza.

Tarehe 5 Februari 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Kilindini, bandari ya Mombasa, ikashika njia ya Colombo katika kisiwa cha Ceylon, ambacho leo huitwa Sri Lanka. Ndani yake walikuwamo watu zaidi ya 1,500, na miongoni mwao kikosi nambari 301 cha askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, meli ile ilipigwa na manowari ya Kijapani iliyokuwa imejificha chini ya maji, ikazama kabla ya dakika tatu kwisha. Watu karibu 1,300 walikufa. Katika nchi zetu ziko jamaa ambazo mpaka leo hazina kaburi la kupalilia, kwa maana kaburi la mtu wao ni bahari.

Basi, chombo kilichoweza kuwaua watu wetu bila wao kukiona, si habari ya wageni peke yao. Manowari ya namna hiyo huitwa nyambizi. Mataifa mengi yalikuwa nazo, lakini waliozitumia kwa wingi kupita wote kuwinda meli za biashara walikuwa Wajerumani, wale ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Katika maongezi haya tumechagua nyambizi moja ya Kijerumani, jina lake U-852. Tumeichagua kwa sababu ilikuja mpaka bahari yetu ya Hindi, na mwisho wake ulikuwa katika pwani ya Somalia. Tena habari zake zatufundisha mambo mawili: jinsi chombo kama hicho kinavyofanya kazi, na jinsi hofu ya kuonekana inavyoweza kumharibu mtu.

Jinsi inavyozama na kuibuka

Jambo la kwanza ambalo watu hustaajabia ni hili: chombo cha chuma chawezaje kuzama kwa hiari yake, kisha kikarudi juu? Kwa kweli, watu wa ziwa letu walikwisha kuona jambo linalofanana na hilo kwa macho yao.

Mwaka 1915 Wajerumani waliishusha katika maji ya Kigoma meli kubwa iitwayo Graf von Götzen, iliyotengenezwa Papenburg, kwao Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa meli mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko kwa gari moshi. Mwezi wa Julai 1916, walipoona kwamba adui zao wanaukaribia mji wa Kigoma, walizipaka injini zake mafuta mazito zisile kutu, wakaizamisha wenyewe. Ikakaa chini ya maji karibu miaka minane. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakaitengeneza, na mwaka 1927 ikaanza tena safari zake kwa jina jipya, Liemba, jina ambalo watu wa upande wetu wa kusini waliliita ziwa lenyewe zamani. Wengi wetu tumeiona ikitia nanga Kasanga.

Meli ile ilizama kwa sababu maji yaliingia mahali palipokuwa na hewa. Ikainuka maji yalipotolewa na hewa kurudi. Nyambizi hufanya kazi iyo hiyo, lakini yenyewe huifanya kwa muda wa nusu dakika au zaidi kidogo, tena mara nyingi kwa siku moja. Ubavuni mwake ina matangi makubwa. Nahodha akitaka kuzama, hufungua vilango vya juu ili hewa itoke, na maji ya bahari huingia kutoka chini. Akitaka kuibuka, hufunga vilango vya juu, kisha hufungulia hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu katika mitungi ya chuma. Hewa ile huyasukuma maji nje, nacho chombo huwa chepesi, kikapanda.

Mwalimu aweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa vitu vidogo tu. Chukua chupa ya kioo, ijaze maji, uilaze chini ya pipa la maji, itatulia huko. Kisha ingiza mwanzi mwembamba katika mdomo wa chupa, upulize. Maji yatatoka, mapovu yataonekana, na mara chupa itainuka. Mtoto aliyeona hivyo ameielewa nyambizi nusu yake.

Uzito wa maji

Lakini kuzama si kazi tu ya kujaza matangi. Maji yana uzito, na kadiri mtu ashukavyo ndivyo uzito ule umwelemeavyo. Kila mita 10 za maji huongeza mkandamizo wa kilo moja hivi juu ya kila eneo la sentimita moja mraba, yaani mahali padogo kama ukucha wa kidole gumba. Katika mita 200, basi, kila ukucha wa chuma huchukua kilo 20, sawa na ndoo ya maji iliyojaa. Fikirini ndoo ngapi zaelemea chombo kizima!

Kwa sababu hiyo mwili wa ndani wa nyambizi hufanywa wa chuma kinene, tena wa mviringo kama gogo, kwa maana mviringo hugawanya mzigo sawasawa pande zote. U-852 ilikuwa ya aina iliyoitwa IXD2, na aina hiyo iliweza kushuka mita 200 na zaidi kidogo. Ziwa letu la Tanganyika lina kina cha mita 1,470 katika mahali pake pa chini kabisa. Kama nyambizi ile ingalizama humo bila kujizuia, maji yangaliiponda kama mtu apondavyo yai mkononi, zamani kabla haijafika chini.

Haja ya hewa

Sasa twafika kwenye siri kubwa ya nyambizi, nayo ndiyo udhaifu wake. Wazee wetu wa Ufipa walikuwa wafua chuma wenye sifa. Walijenga tanuri ndefu za udongo, zilizompita mtu kwa urefu, ziitwazo malungu. Na mabaki yake yangali yakionekana katika nchi yetu. Chini ya tanuri waliacha matundu pande zote, na moto ulivuta hewa wenyewe kwa matundu yale bila mivukuto. Kila mzee alijua kwamba ukiyaziba matundu, moto hufa, na mawe yako hayatoi chuma.

Injini ya dizeli nayo ni tanuri. Ndani yake mafuta huwaka, na moto ule hautaki mgogoro na sheria ya wazee: pasipo hewa hauwaki. Nyambizi ikiwa juu ya maji, injini zake huvuta hewa ya Mungu bila shida. Lakini ikizama, injini hizo zingewashwa zingekula hewa yote ya mabaharia kwa muda mfupi sana. Basi waundaji waliweka mitambo ya namna mbili. Juu ya maji nyambizi iliendeshwa na dizeli. Chini ya maji iliendeshwa na mota za umeme, zilizopata nguvu zake katika betri kubwa, kama betri ya motokaa, lakini zenye uzito wa tani nyingi. Betri haili hewa. Ila betri huisha, na ikiisha haina budi kujazwa tena kwa injini za dizeli, na dizeli haina budi kupata hewa. Kwa hiyo nyambizi ya siku zile haikuwa samaki. Ilikuwa zaidi kama kiboko, ambaye hujificha majini, lakini lazima ainue pua yake avute pumzi.

Hesabu zake zaonyesha jambo hili wazi. Juu ya maji U-852 iliweza kwenda kilometa 35 kwa saa, na mafuta yake yaliitosha kwa safari ya zaidi ya maili 20,000 za bahari, akienda nahodha polepole. Chini ya maji haikuweza kupita kilometa 13 kwa saa. Na hata ikienda kwa mwendo wa mtu mwenye haraka, betri zake zilikwisha baada ya kilometa 100 hivi.

Umbo lake na maisha ya ndani

U-852 iliundwa Bremen, katika kiwanda cha AG Weser, ikashushwa majini mwezi wa Januari 1943. Urefu wake ulikuwa mita 87 na nusu, na upana wake mita 7 na nusu. Liemba ina urefu wa mita 71 hivi na upana wa mita 10. Mwaona basi kwamba nyambizi ile ilikuwa ndefu kuliko Liemba, lakini nyembamba zaidi.

Silaha yake kubwa ilikuwa torpedo, yaani kombora refu liendalo chini ya maji kwa rafadha yake lenyewe, likapasuka ligongapo ubavu wa meli. Ilikuwa na mirija sita ya kuyatupia, minne mbele na miwili nyuma, na iliweza kuchukua torpedo 24. Kwa kutazama mambo ya juu hali imezama, nahodha alitumia darubini ndefu iitwayo periskopu. Tena ilichukua kishada cha ajabu chenye mapanga yazungukayo, kilichovutwa kwa kamba nyuma ya chombo hali baharia mmoja ameketi juu yake, ili aone mbali kuliko mtu asimamaye sitahani.

Ndani ya gogo hilo la chuma waliishi watu zaidi ya 60 kwa miezi. Palijaa mitambo, torpedo na vyakula, hata mtu alipata shida kupishana na mwenziwe. Maji matamu yalikuwa haba, nguo zilinuka mafuta, na katika bahari za joto kama yetu jasho halikukauka. Tena palikuwa na hatari ya betri: maji ya chumvi yakiziingia, hutoa gesi ya klorini, nayo ni sumu ya kuunguza mapafu. Kweli, mwindaji alikuwa naye mfungwa.

Safari ya U-852

Nahodha wa U-852 aliitwa Heinz-Wilhelm Eck. Aliondoka Kiel tarehe 18 Januari 1944, akaamriwa aizunguke Afrika, aingie bahari ya Hindi. Wakati huo nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikiwindwa vikali. Ndege zilikuwa na vyombo vya rada viwezavyo kuona gizani, na nyambizi nyingi zilizotoka hazikurudi. Eck aliambiwa mapema kwamba nyambizi za aina yake zilizotangulia zilipotea, na kwamba lazima ajifiche kwa kila njia. Maneno hayo yalimkaa moyoni.

Usiku wa tarehe 13 Machi, katika bahari ya Atlantiki, magharibi ya Afrika, aliipiga meli ya Kiyunani iitwayo Peleus, yenye watu 35. Meli ilizama upesi, na waliosalia wakashika mbao na vyelezo. Eck alianza kuogopa: asubuhi ndege ikipita ikaona mabaki yale, adui watajua kwamba nyambizi iko karibu. Akaamuru bombomu na mabomu ya mkono yatumike juu ya vyelezo. Mhandisi mkuu alipinga amri hiyo; lakini baadaye naye alishika bunduki akapiga. Kazi hiyo iliendelea kwa saa kadhaa. Lakini vyelezo vingi havikuzama, wala si watu wote waliokufa. Watu watatu walisalia, wakaelea baharini zaidi ya mwezi mzima, mpaka meli ya Kireno ikawaokota tarehe 20 Aprili.

Eck akaendelea na safari. Tarehe 1 Aprili alizamisha meli ya Kiingereza, Dahomian, karibu na Rasi ya Tumaini Jema, kisha akapanda kaskazini mpaka pwani ya Somalia. Asubuhi ya tarehe 2 Mei nyambizi yake ilikuwa juu ya maji. Ndege ya Kiingereza aina ya Wellington, iliyotoka Adeni, ikaiona, ikatupa mabomu. Chombo kikazama kwa haraka, lakini kilikuwa kimeumia, wala hakikuweza kukaa chini. Kikalazimika kuibuka ili kupata hewa. Ndege nyingine zikaja, siku hiyo na usiku wake. Tarehe 3 Mei Eck alikipandisha chombo chake ufukoni, karibu na Bender Beila, akajaribu kukivunja kwa baruti. Mabaharia saba walikufa. 59 wakakamatwa na wanamaji wa Kiingereza na askari wa ngamia wa Somaliland.

Hapa lilitokea jambo la kutafakari. Mtu yule aliyewaua watu wasio na silaha ili dalili zake zisionekane, hakukiharibu kitabu cha safari cha chombo chake. Kilipatikana katika mabaki, nacho kilionyesha mahali alipokuwa siku ile Peleus ilipozama. Wahenga walisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Hukumu

Mwezi wa Oktoba 1945 Eck na wenzake wanne walishitakiwa mbele ya baraza la kijeshi la Waingereza mjini Hamburg. Eck hakukana kutoa amri. Alisema kwamba alilazimika kuyazamisha mabaki ili kukiokoa chombo chake na watu wake. Wengine walisema kwamba walitii amri ya mkubwa wao. Baraza halikukubali hoja hizo. Kama ni kujiokoa, nahodha angalikimbia mahali pale kwa injini zake zote, wala asingalikaa saa nyingi akipiga risasi gizani. Na askari hana ruhusa ya kutii amri ambayo kila mtu mwenye akili aona kwamba ni kuua ovyo. Eck, afisa mmoja, na daktari wa chombo walipigwa risasi tarehe 30 Novemba 1945. Mhandisi alifungwa maisha, na baharia mmoja miaka 15. Katika mahakama nyingi za vita vile, hii ndiyo habari ya pekee ya nahodha wa nyambizi wa Kijerumani aliyeuawa kwa hukumu ya adui zake kwa sababu ya kuwaua waliovunjikiwa meli.

Lakini haitupasi kudhani kwamba ukali wa bahari ulikuwa wa upande mmoja tu. Ile nyambizi ya Kijapani iliyoizamisha Khedive Ismail ilijificha chini ya mahali pale pale walipokuwa wakielea watu wetu waliosalia. Manowari ya Kiingereza Petard ilitupa mabomu ya majini mahali hapo ili kuiua, na baadhi ya waogeleaji waliuawa kwa mabomu ya rafiki zao. Nyambizi ilizamishwa siku ile ile. Je, nahodha wa Petard alitenda haki? Watu wamelibishania jambo hili miaka mingi. Sisi twaona tofauti moja: chini ya waogeleaji wale palikuwa na adui mwenye silaha, na karibu palikuwa na meli nyingine zilizojaa watu, bali juu ya vyelezo vya Peleus hapakuwa na silaha yo yote, ila wanadamu na hofu ya mtu mmoja. Hata hivyo, msiba wa jamaa ya marehemu haupungui kwa tofauti hiyo.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule nyambizi nyingine ya aina ya IXD2, U-198, ilizamisha meli ya Kiingereza Empire Day mashariki ya Unguja. Siku chache baadaye nayo ikazamishwa karibu na visiwa vya Shelisheli, pamoja na watu wake wote. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Wajerumani walikuwa wamepoteza mabaharia wa nyambizi karibu 30,000. Nao pia mama zao hawana kaburi la kupalilia.

Basi, mtu atakaposimama Kasanga akitazama maji yaliyotulia, na akumbuke chombo tulichokieleza. Akili iliyokiunda ilikuwa kubwa, nayo haikuwa na kosa kwa yenyewe. Kwa elimu iyo hiyo ya maji na hewa watu waliiinua Liemba kutoka chini ya ziwa, ikachukua abiria na mizigo yetu, na nahodha wake hakuwa na haja ya kujificha.